Namba Ambayo Athman Hakuitoa

Baba,

Athman alikusamehe. Sijui kama ulimsikia ukiwa ndani ya jeneza. Sisi wanawake tulikuwa nyumbani, na habari niliipata kwa Omari aliporudi makaburini, mchanga ungali miguuni. Alisema kabla hujaswaliwa alisimama yeye, mwanao wa kiume, akaomba kama inavyoombwa kwa kila maiti hapa Lamu: anayekudai ajitokeze, uliyemkosea akusamehe. Watu wakaitikia, tumemsamehe, tumemsamehe. Ndipo Athman, safu ya kwanza, kanzu imenyooka, akainua mkono na kusema kwa sauti ya kusikika hadi barazani: "Na mimi nimemsamehe yale ya reli."

Yale ya reli! Athman! Akusamehe wewe!

Nilikuwa na sinia la vikombe mkononi, nikaliweka chini polepole ili nisilirushe. Mama alikuwa ameshaketi eda chumba cha ndani na sikutaka asikie. Nikamwuliza Omari, watu walisemaje? Akasema walimsifu. Walisema Bwana Athman ana moyo mkubwa. Siku hiyo sikukulilia, Baba, nisamehe kwa hilo. Nilikuwa na hasira hata machozi hayakupata pa kupita.

Nikupe habari za nyumba kwanza. Mama alitoka eda mwezi uliopita, akaoga, akavaa leso mpya, na neno lake la kwanza nje ya mlango lilikuwa kwamba paka wako amenenepa kwa kudekezwa. Duka lako la saa amelishika Omari. Hajui kutengeneza saa, anauza kadi za simu na kubadilisha betri, lakini saa ile kubwa ya ukutani hajaiuza na hataiuza, nimemwapia. Bara kule bado wanasema reli inakuja. Yale mawe ya mpaka waliyoyachimbia kwenye mashamba yangali pale, mbuzi wanajikunia migongo. Kila anayetoka Nairobi kwa mkutano anatuambia safari hii ni kweli.

Na kwa sababu reli inakuja, Athman amekuwa mtu mkubwa. Ndiye mzee wa reli. Huitwa kwenye kila mkutano, huwekwa kiti cha mbele, huulizwa treni ni kitu gani. Ajabu ya muyi huu wetu wa Lamu: watu wengi hawajawahi kuiona, kwa hiyo yeyote aliyevaa kofia ya stesheni masta anakuwa msomi wao. Nawe ulikuwa na kofia ileile, ukaifungia sandukuni. Wewe walikuita "Stesheni". Nakumbuka watoto wa mtaani wakipita mbele ya duka: "Stesheni! Magari yamegongana!" Wakicheka, wakikimbia. Nawe huinui kichwa, jicho kwenye saa ya mtu. Mimi ndiye niliyewasikia wote, nyuma ya pazia, uji wako ukipoa mkononi.

Nilikuwa na miaka tisa tulipofukuzwa kule nyikani, kwenye stesheni yako. Sikumbuki mengi ya kazi yako, lakini maisha yale nayakumbuka yote. Kota za reli, nyumba sita zilizofanana, mlango wetu wa kijani. Tangi la maji juu ya miguu ya chuma. Mkamba, Mjaluo, Mluhya, Mgoa mmoja mzee, na sisi Waamu wa kutoka Lamu, sote tukiteka bomba moja na kugombana kwa Kiswahili, maana hapakuwa na lugha nyingine ya kugombania. Gari la moshi likisimama, kina mama wakikimbia na mayai ya kuchemsha, ndizi na maziwa ya ng'ombe kwenye chupa za soda. Likiondoka, kijiji kizima kinakaa kivulini kusubiri jingine. Ulinifundisha kusoma kwa bao la jina la stesheni. Ulinieleza kwamba Nairobi ilikuwa kinamasi ambamo mafundi wa reli walipumzika kabla ya kupanda mlima, na jinsi serikali nzima ilivyowafuata pale. Ulisema wakoloni walijenga reli ya kubebea mali zao, na sisi tukaipanda kwenda kutafutana. Nikakuuliza, na Lamu je? Ukacheka. Ulisema Lamu ilikuwa mji mkubwa mpaka siku reli ilipoanzia Mombasa. Toka hapo meli zikafuata reli na sisi tukabaki na milango mizuri.

Leo nawafundisha wasichana wa sekondari maneno hayo hayo. Wanaandika kwenye mtihani na wanapata alama. Hawajui ni ya Stesheni.

Sasa nikuambie nilichofanya.

Mwalimu mkuu aliniita afisini. Alitaka siku maalum ya historia ya reli, wasichana wote ukumbini, mgeni rasmi Bwana Athman. Mimi mwalimu wa historia, basi matayarisho ni yangu. Nikasema ndiyo, mwalimu, bila neno. Nilipotoka nje nilicheka peke yangu mpaka Madam Mwende akaniuliza kama niko sawa. Mwende ni mwalimu wa jiografia, amezaliwa Kibwezi, mtu wa kunyoosha maneno. Mjomba wake alikuwa kwenye genge la reli, wale wanaokaza skrubu na kubadilisha mataruma chini ya reli. Nikamweleza yote, kama ulivyonieleza wewe mara ile moja tu, mwaka ulipougua mara ya kwanza ukadhani unakufa.

Njia ilikuwa moja. Gari lisingetoka stesheni yako kwenda ya Athman, iliyofuata, mpaka umpigie simu kumwuliza kama njia iko wazi. Akikubali, anakupa namba kutoka kwenye orodha yake ya siri, kila namba mara moja tu, anaikata kwa kalamu. Wewe unaiandika kwenye karatasi mliyoiita laini klia, unampa dereva. Bila namba gari haliendi, hata ndani kuwe na waziri. Hiyo ndiyo sheria, na ilikuwa sheria nzuri.

Lakini nyinyi mlikuwa Waamu wawili kwenye nyika ile. Mlichezea uchochoro mmoja, mkasoma chuo kimoja cha Kurani, mkaenda kuajiriwa pamoja. Simu ikilia, kwanza nyumbani hawayambo, kisha samaki wa kukaanga mnaowakumbuka, kisha nani ameoa. Wewe ukiuliza, nilete? yeye hujibu: "Eta, ndia nyeupe," lete, njia iko wazi. Basi. Namba ya nini kati ya ndugu? Sauti yake unaijua toka utotoni. Uliandika namba yoyote iliyokujia, na jioni mlipigiana kusawazisha, yeye akate na wewe urekebishe kitabu. Miaka mlifanya hivyo. Karani mwingine asingethubutu, kwa sababu asingemwamini mwenzake kiasi hicho.

Siku ya ajali Athman aliliruhusu genge kutoka na kitoroli chao cha relini, akaenda kunywa chai, akasahau. Ulipopiga simu akasema eta, ndia nyeupe. Gari la mizigo likalikuta genge kwenye kona. Wengine waliruka. Mmoja hakuruka.

Na mbele ya wakaguzi Athman akaweka orodha yake mezani, safi, na karatasi ya dereva kando yake. Namba yako haimo. Akasema: "Mimi sikutoa ruhusa. Salim amejitungia." Na kweli ulijitungia. Ukafukuzwa kazi. Yeye akapandishwa cheo, akahamishiwa stesheni kubwa, akastaafu kwa kukatiwa keki.

Hayo ndiyo niliyoyabeba, Baba, tangu mwaka ule uliponieleza. Nimemwona akipita kwenda msikitini na nikamwombea mabaya, naungama. Nilimwita Ami nilipokuwa mdogo. Alinipa peremende. Sasa hata jina lake likinitoka kinywani nataka kusukutua.

Siku ya historia alikuja na kofia. Alizungumza vizuri, nisimpunje. Aliwaeleza wasichana reli ilivyozaa miji, ilivyoleta saa za ukutani kwa watu waliokuwa wakihesabu siku kwa jua, ilivyosomesha watoto wa nyika kwa sababu stesheni ilikuja na shule na zahanati. Akaeleza laini klia. Akainua kidole: "Namba, mabinti zangu! Bila namba ni mauti." Wakaandika. Nilikuwa nimekaa pembeni nikimtazama mdomo.

Kisha nikasimama na kutangaza mchezo. Meza mbili, moja kila upande wa ukumbi, simu mbili za zamani nilizoazima, orodha ya namba, chaki na ubao kwa kila stesheni. Bwana Athman akae ile pale, ile ya zamani yake. Mimi nitakaa hii. Wasichana kumi na wawili wakashikana mabegani kuwa treni. Wanne wakawa genge, na toroli la kubebea takataka la shule. Alifurahi! Alikaa akavuta kiti kama mtu aliyerudi nyumbani kwake.

Raundi ya kwanza alitoa namba, akaikata, akaonyesha watu. Ya pili pia. Nikaanza kuongea naye Kiamu. Nikamwuliza, nyumbani hawayambo? Akajibu. Nikamwuliza habari za mkate wa mofa wa mtaani kwenu, yule bibi angali hai? Akacheka, akaeleza. Wakati huo Mwende, kama tulivyopatana, akampelekea genge. Wakamwomba ruhusa kutoka na toroli. Akawapa kwa mkono, kichwa kiko kwenye simu, bado yuko kwa yule bibi wa mofa. Hakuandika kitu ubaoni. Wakasukuma, wakasimama katikati ya ukumbi nyuma ya kiwambo.

Nikasema kwa sauti yako, Baba. Najua sauti yako ilivyokuwa, ile ya kushuka mwishoni. "Athmani, nilete?"

Akasema: "Eta, ndia nyeupe."

Hata hakufikiri. Yalimtoka.

Nikaandika namba ya uongo, nikampa msichana wa mbele. Treni ikaenda, wakipiga makelele ya injini, wakazunguka kiwambo wakalivaa toroli kwa kishindo na vicheko. Ukumbi mzima ukacheka. Mimi nikangoja wanyamaze. Kisha nikasema, kwa Kiswahili cha darasani, kila mtu asikie: "Bwana Athman, namba yangu ni ngapi?"

Aliangalia orodha. Aliangalia ubao. Akaangalia wale wasichana wa toroli wakijipangusa vumbi. Kisha akaniangalia mimi, na hapo ndipo aliponikumbuka, maana kabla ya hapo alinitazama kama Mwalimu Maryamu tu. Nikasema: "Mimi ni binti Salim." Niliona uso wake ukishuka, Baba, na nilifurahi. Sitakuongopea wewe uliye mbele ya haki. Nilifurahi mpaka viganja vikaniwasha. Nilitaka wewe uwepo, na wale watoto wa mtaani ambao sasa ni watu wazima na ndevu zao, na wakaguzi, na wale waliomkatia keki.

Wasichana hawakuelewa, lakini walimu walielewa. Lamu ni ndogo.

Hapo Mwende akasimama. Sikumtuma hilo. Akasema kwa upole, kwa kile Kiswahili chake cha bara: "Pole mzee, na pole Madam. Sasa huyo mtu wa genge alikuwa anaitwa nani?"

Sikuwa na jina. Miaka yote hii ya kinyongo, Baba, miaka yote ya kumhesabia Athman dhambi, na sikuwahi kuuliza, wala wewe hukuwahi kusema. Ulisema "mmoja". Mmoja hakuruka.

Athman akajibu kabla yangu, akiwa amekaa vilevile, kofia magotini. "Mulwa," alisema. "Mulwa wa Nzioka. Alikuwa kiziwi wa sikio moja. Ndiyo maana hakuruka."

Alilijua. Na kama yeye alilijua, wewe pia ulilijua.

Kesho yake alimtuma mkaza mwanawe na sinia la chakula lililofunikwa kawa. Nikalirudisha lilivyo, kawa halikuinuliwa. Siku ya tatu akaja mwenyewe, akasimama kwenye lango la shule juani, mtu wa umri wako, na mkongojo. "Wataka-ni, Maryamu?" Nikamwambia: "Yale uliyoyasema mbele ya jeneza, ukayatengue palepale." Akasema atakusomea khitma, atachinja. Nikamwambia achinje ale mwenyewe. Akasema ataaibika. Nikasema naam.

Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, akasimama msikitini. Omari alinipigia na kuiacha simu wazi ili nisikie. Sauti ilikuwa ndogo. Alisema: "Siku ya Salim nalisema nimemsamehe. Sikuwa na la kumsamehe. Mimi ndimi nilosema ndia nyeupe. Mimi ndimi nilosahau genge. Nikamtupia yeye." Mtu akasema Allahu Akbar, na wengine wakaanza kulia, wazee wazima. Jioni nyumba yetu ilijaa kama siku ya matanga. Watu walikuja kumpa Mama mkono. Yule mwenye duka la vitambaa, aliyekuwa akikuita Stesheni kuliko wote, alisimama mlangoni akashindwa kuingia. Sikumsaidia.

Ilikuwa tamu. Wasikudanganye watu kwamba kisasi hakina ladha.

Lakini mgeni wa mwisho alipoondoka, Mama alikuwa akikunja mikeka, na nilimwuliza: ulimjua Mulwa? Hakugeuka. Alisema mkewe alikuwa akituletea maziwa. Alisema yule mama alikuja mlangoni petu, mlango ule wa kijani, siku ya pili ya ajali, na mtoto mgongoni, akauliza kilichotokea. Na wewe, Baba, ulikuwa ndani. Ulimwambia Mama aseme hupo. Ulikuwa ukitafuta la kuwaambia wakaguzi.

Nimekaa na hilo siku nyingi. Nimekukasirikia. Nilidhani hasira yangu yote nimemtumia Athman nikaimaliza, kumbe akiba ilibaki na ilikuwa yako. Alisahau yeye. Alikutupia yeye. Lakini namba kwenye karatasi ile ilikuwa ni mwandiko wako, na dereva yule alikuamini wewe. Uliumia kwa kuitwa Stesheni, na mimi nikaumia pamoja nawe, nyumba nzima tukaumia miaka yote. Wala hakuna siku tuliyolitaja jina la yule mtu mezani petu, hata katika dua.

Mwende ameulizia kwao. Mjane wa Mulwa yu hai. Anaishi palepale karibu na stesheni yetu, ambayo siku hizi haina bao wala masta. Treni mpya inapita mbali kwenye njia yake ya juu, haisimami. Ana wajukuu. Hakuna mtu wa Lamu aliyewahi kwenda kumwambia neno.

Basi hii ndiyo ahadi yangu. Shule zikifunga nitavuka kwa boti hadi Mokowe, nitapanda basi la Mombasa, na kutoka Mombasa treni, kisha gari la kukodi hadi pale. Omari anakuja. Athman anakuja pia. Kwanza alikataa, nikamwambia sitamsamehe mimi hata aniletee masinia ya Lamu nzima, kwa kuwa si mimi aliyefiwa na Mulwa. Basi aje amtafute mwenye kusamehe. Akaniuliza kama yule mama ataturuhusu kuingia. Nikasema sijui, na kama hataturuhusu tutasimama nje.

Lala, Baba. Nakupenda, na sijaacha kukasirika, na yote mawili nitakwenda nayo. Nitamtanguliza Athman aseme yake. Kisha nitasogea mimi, na yule mama akiniuliza ni nani, sitasema ni mwalimu wala sitasema ni mgeni. Nitamwambia: "Mimi ni binti wa Salim, yule aliyeandika namba, na aliyekuwa ndani ulipobisha hodi."

Binti yako,
Maryamu